Kengele Iseme Moto Uko Wapi



Leo nataka tuzungumze kuhusu kibao cha saketi kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Mafundi wanakiita kadi ya mtandao. Kinachomekwa ndani ya kitambua moshi kikubwa, au ndani ya paneli ambako vitambua moshi vyote vya jengo vimeungwa, na kazi yake ni kuichukua habari ya moshi kule iliko na kuifikisha kwa mtu aliye mbali. Bila kadi hiyo, kifaa kinapiga kelele pale pale kilipofungwa. Kikiwa juu ya kitanda chako, kelele hiyo inakutosha. Kikiwa stoo ya dawa ya hospitali saa nane usiku, au kwenye chumba cha mitambo ya simu ambacho fundi huingia kwa nadra, kinalia na hakuna anayesikia.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu majengo yetu yanabadilika haraka. Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Kampala, Kigali, kote huko hospitali, hoteli na vyumba vya kompyuta vya mabenki vinafungwa kengele za moto zinazozungumza kwa mtandao. Fedha nyingi zinatumika. Na mara nyingi kazi inahesabiwa imekwisha pale taa ya kijani inapowaka kwenye kadi: fundi anakusanya bisibisi zake, mwenye jengo anatia sahihi, basi. Mimi naona taa ile ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kwamba mlinzi wa zamu, yule yule anayefungua geti, akisoma kilichoandikwa kwenye kioo cha paneli anajua papo hapo aende wapi.

Twende Paris kwanza, kisha turudi kwenye bisibisi.

Kanisa kuu la Notre-Dame lilikuwa na mfumo wa kengele ya moto ulioandaliwa na wataalamu wengi kwa miaka. Chini ya paa lake la risasi kulikuwa na maboriti ya mwaloni ya tangu enzi za kati, mengi mno, hata Wafaransa wakapaita mahali pale Msitu. Huko juu vilifungwa vitambua moshi vya kunyonya hewa. Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 2019, saa kumi na mbili na robo hivi jioni kwa saa za huko, misa ikiendelea chini, kifaa kimoja kilinusa moshi. Kilifanya kilichonunuliwa kifanye. Habari ikapita kwenye waya, ikafika kwenye paneli, taa ikawaka.

Aliyekaa mbele ya paneli alikuwa mgeni wa kazi, yumo katika siku zake za kwanza. Kioo kilimwonyesha maneno yanayotaja dari ya ukumbi mkuu pamoja na sakristia, kisha msururu wa herufi na namba: ZDA-110-3-15-1. Msururu huo ulikuwa anwani ya kitambua moshi kimoja kati ya vitambuzi na vitufe vya kengele zaidi ya 160 vilivyokuwa kwenye eneo lile lote. Kwa aliyeuunda mfumo, anwani hiyo ilikuwa wazi kabisa. Kwa aliyeketi pale ilikuwa tarakimu tu.

Alimwita mlinzi mwenzake kwa redio ya mkononi. Mwenzake akaenda sakristia, ambayo ni jengo dogo lililo ubavuni mwa kanisa. Akatazama, akakuta shwari. Baadaye walibishana kuhusu nani alisema nini na nani alisikia nini, na sioni haki ya kumlaumu mtu aliyetupwa mbele ya kioo kile bila kuandaliwa. Ilipogundulika kwamba moshi ulikuwa darini, walinzi wakakimbilia ngazi, zile ndefu za mamia ya vidato, na walipofika juu maboriti yalikuwa yanawaka. Nusu saa ilikuwa imekwisha. Na jambo jingine: mfumo haukuwa umepangwa uwaite zimamoto wenyewe. Ulipangwa hivi, kwamba mtu apande kwanza, aone kwa macho yake, ndipo simu ipigwe. Kabla ya saa mbili usiku mnara wa katikati ulianguka. Kanisa lile lilikuja kufunguliwa tena Desemba 2024.

Ninachotaka ukishike hapo, msikilizaji, ni kwamba kifaa kilikuwa kizima. Waya ulikuwa mzima, paneli ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni maneno mawili matatu ambayo mtu aliyeanza kazi juzi angeyaelewa bila kuuliza, na mpango wa nani aambiwe.

Sasa tukiangalie kifaa chenyewe, maana kitambua moshi cha kunyonya hewa hakifanani na kile kisahani cheupe unachokiona kwenye dari za ofisi. Asili yake ni Australia. Katika miaka ya 1970 shirika la utafiti wa kisayansi la nchi hiyo, CSIRO, lilikuwa likipima moshi wa moto wa nyikani kwa chombo kinachomulika mwanga ndani ya hewa na kupima unavyotawanyika. Idara ya posta na simu nayo ilikuwa ikihangaika na moto kwenye vituo vyake vya simu, mahali ambapo waya mmoja ukiungua polepole unaweza kukata mawasiliano ya mji mzima. Chombo cha nyikani kikaonekana kinaweza kuona moshi mwembamba sana. Kutokana na kazi hiyo, miaka ya 1980 kikaingia sokoni kifaa kilichopewa jina la VESDA, na jina hilo limekuwa maarufu kiasi kwamba mafundi wengi hulitumia hata kwa vifaa vya namna hiyo vilivyotengenezwa na kampuni nyingine.

Ni sanduku la ukutani lenye feni ndani. Kutoka kwenye sanduku mabomba ya plastiki yanatambaa darini, yametobolewa vitundu vya milimita chache kwa nafasi zilizopigiwa hesabu. Feni inanyonya hewa kupitia vitundu hivyo, hewa inachujwa vumbi, kisha inapita kwenye chemba yenye leza. Moshi ukiwamo, mwanga unatawanyika na kifaa kinaupima. Kinaupata moshi kabla pua ya mtu haijaupata. Na hakisubiri moto uwake ndipo kiseme. Kina ngazi, kwa kawaida nne. Ya kwanza inasema kuna dalili, ya pili inasema mtu aende akaangalie, ya tatu ni moto, ya nne ni moto ambao umeshakuwa mkubwa.

Hapo ndipo kadi inapopata kazi. Kifaa hiki kina rilei, yaani swichi ndogo za ndani zinazofunga na kufungua, na kwa hizo kinaweza kuiambia paneli "moto" au "hitilafu". Lakini rilei inajua ndiyo na hapana tu. Haiwezi kusema moshi umepanda kiasi gani tangu asubuhi, chujio limeziba kwa asilimia ngapi, au bomba la pili limepasuka na linavuta hewa isiyo ya darini. Maelezo ya namna hiyo yanahitaji njia ya mazungumzo, na njia hiyo ndiyo kadi.

Haya, tufungue sanduku.

Kabla ya kugusa skrubu, fundi anayejiheshimu anawaambia watu. Anamwambia msimamizi wa jengo na walinzi, na kama kuna kituo cha nje kinachopokea kengele, anakipigia simu: sehemu fulani itazimwa kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Kisha anahakikisha kuna mtu atakayezunguka sehemu hiyo kwa miguu muda wote ambao kifaa hakioni. Jambo hili linarukwa mno. Linaonekana ni urasimu, ilhali jengo linabaki bila jicho, na mara nyingi ni siku ileile ambayo mafundi wengine wanachomelea vyuma ghorofa ya juu.

Kisha umeme. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Ndani ya paneli au ndani ya kisanduku cha umeme kilicho pembeni mna betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, zinatoa volti 24, na zipo hapo mahususi ili mfumo usizimike umeme ukikatika. Usipozitoa, unachomeka kadi kwenye saketi iliyo hai, na kadi inaweza kuungua kabla hujaitumia. Adui mwingine ni umeme tuli wa mwilini. Sisi wa pwani, kwenye unyevu, tunaudharau. Lakini chumba cha kompyuta chenye kiyoyozi usiku na mchana kina hewa kavu, na cheche usiyoisikia hata kwenye kidole inatosha kuharibu kidude cha kumbukumbu. Mkanda wa mkononi uliounganishwa na chuma cha ardhi ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na kadi.

Kadi inaingia kwenye safu ya pini. Zitazame kwa tochi kwanza, ukipata moja iliyopinda inyooshe kwa utulivu. Kadi inashuka kwa mgandamizo wa vidole viwili. Ikigoma, itoe uangalie upya, kwa maana pini zimepishana safu. Skrubu zake zikazwe zote, kwa kuwa feni inatikisa sanduku hilo miaka nenda miaka rudi, na kadi iliyoshikwa na skrubu moja itakuja kulegea siku ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba ipo.

Waya hutegemea aina ya kadi. Ziko za waya wa mtandao wa kompyuta, wenye kichwa cha plastiki tunachokifahamu sote. Na ziko za waya mbili za RS-485, mtindo wa zamani wenye nguvu, unaoweza kwenda zaidi ya kilomita moja bila kuchoka. Huko kwenye RS-485 kuna waya A na waya B, na zikibadilishana kadi inakaa kimya kana kwamba imekufa. Mifumo mizuri ya kengele za moto huzifunga kadi kwa mzunguko: kutoka paneli hadi kifaa cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha waya unarudi paneli kwa njia nyingine. Panya akikata sehemu moja, habari inazungukia upande wa pili na paneli inaripoti kwamba mzunguko umekatika. Nasisitiza maneno "kwa njia nyingine". Nimekuta mizunguko ambayo waya wa kwenda na waya wa kurudi zimelazwa ndani ya bomba moja, ubavu kwa ubavu. Kwenye mchoro ni mzunguko. Kwenye moto zote mbili zinaungua pamoja.

Ukishafunga, rudisha umeme kwa mpangilio ulioandikwa kwenye kitabu cha kifaa, subiri taa, na sasa kazi ya bisibisi imekwisha. Imechukua saa moja pengine. Anza kupanga.

Kadi inahitaji anwani. Kwenye mzunguko wa kengele anwani ni namba, na kila kifaa kina yake. Vifaa viwili vikipewa namba moja, vinajibu kwa pamoja na paneli haimsikii yeyote. Kwenye mtandao wa kompyuta kuna mtego mwingine. Kadi nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa zichukue anwani yoyote itakayogawiwa na mtandao. Leo inapewa hii, umeme ukikatika na kurudi inapewa nyingine, na kompyuta ya ulinzi inaendelea kuitafuta kwenye anwani ya jana. Kitambua moshi kipewe anwani isiyobadilika, iandikwe kwenye daftari la jengo, na msimamizi wa mtandao aitenge ili asije akaigawa kwa printa.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ileile. Iko kwenye kitabu, na kitabu kiko kwenye intaneti, kwa hiyo kila mtu anayo. Na kadi isiachwe wazi kwenye intaneti kwa sababu tu meneja anataka kuona hali ya jengo akiwa safarini. Anayeweza kuingia anaweza pia kuzima. Sitakaa sana hapo.

Ninapotaka kukaa ni kwenye jina.

Kila kifaa, pamoja na anwani yake ya namba, kinapewa maandishi yatakayotokea kwenye kioo. Paneli nyingi hutoa nafasi ya herufi kama 20 mpaka 40. Fundi aliyechoka, mwisho wa siku, ana vifaa 90 vya kuvipa majina. Basi anaacha yale ya kiwandani, yanayosema kanda ya tatu, kifaa cha 17. Au ananakili namba za vyumba kutoka kwenye mchoro wa msanifu. Msanifu alikiita chumba 2.14. Mwenye jengo, alipohamia, akabandika mlangoni kibao cha Maabara ya Damu. Miaka saba baadaye hakuna anayeishi ndani ya jengo hilo anayejua 2.14 ni wapi, ila kioo cha paneli.

Ghorofa nazo zinachanganya. Sisi tukisema ghorofa ya kwanza tunamaanisha ile iliyo juu ya ardhi, unayoifikia kwa ngazi. Mmarekani anapohesabu, ya kwanza ni ile ya chini kabisa. Programu ya kupangia kengele ikiwa imetengenezwa kwao, na aliyeijaza akafuata hesabu yao, mlinzi anatumwa juu wakati moto uko chini yake. Andika CHINI, andika JUU 1, andika lolote, mradi liwe ndilo neno ambalo watu wa jengo hilo hutamka wanapoelekezana.

Na hapa nina ombi ambalo nalisema kwa moyo wote. Andikeni kwa Kiswahili. Majengo mengi ninayoyafahamu yana paneli zinazozungumza Kiingereza cha kifundi kwa mlinzi ambaye siku nzima anaongea Kiswahili, anaandika daftari la wageni kwa Kiswahili, na usiku wa manane, moyo ukidunda, atafikiri kwa Kiswahili. Hakuna kizuizi chochote cha kiufundi. Lugha yetu inaandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na vinundu wala mikia, kwa hiyo hata paneli kuukuu yenye kioo cha mistari miwili inaziandika zote. BWENI B JUU 1 NGAZI YA KUSINI: hizo zinaingia penye nafasi ya herufi 40. STOO YA DAWA CHINI NYUMA YA MAPOKEZI: kama nafasi ni finyu ondoa NYUMA YA, maana inabaki. Chukua fundi na mlinzi mkongwe wa jengo, watembee pamoja kifaa kwa kifaa, mlinzi aseme mahali hapo panaitwaje, fundi aandike. Ni kazi ya asubuhi moja kwa jengo la ukubwa wa kati. Huko Paris asubuhi ya namna hiyo ingekuwa na thamani kubwa sana.

Baada ya jina kuna swali la kiasi gani cha moshi kiitwe moto. Vifaa vya kunyonya hewa vina utaratibu wa kujifunza: vinaachwa siku kadhaa, mara nyingi wiki mbili, vinapima hewa ya kawaida ya mahali hapo na kupanga viwango vyake juu ya hiyo. Ni utaratibu mzuri, lakini unategemea ni siku zipi. Ukiufanya kwenye hosteli wakati wa likizo, kifaa kinajifunza hewa ya vyumba vitupu. Wanafunzi wakirudi na dawa zao za mbu za kuwasha, pasi, na sufuria za chai, kengele italia kila jioni. Hoteli za Zanzibar na Lamu zina udi na ubani, na ni haki yao, huwezi kuipangia hoteli ya pwani kama unavyopanga ofisi ya Ulaya. Kengele ikilia bure mara kwa mara, mtu fulani ataizima. Hatasema. Ataizima tu, na itakaa imezimwa. Kwa hiyo acha kifaa kijifunze wakati maisha ya jengo yanaendelea kama kawaida, kisha ukikague.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo huku kwetu ni ya hatari kuliko zote, na haitajwi kwenye vitabu vingi kwa sababu walioviandika hawana mgao wa umeme.

Paneli ya kengele ina betri. Kanuni ya Uingereza, BS 5839, ambayo inafuatwa sana Afrika Mashariki, inataka kwa kawaida betri ziubebe mfumo saa 24 bila umeme na bado ziweze kupiga kengele kwa dakika 30 baadaye. Vizuri. Lakini kadi ya mtandao wa kompyuta haizungumzi na kompyuta ya mlinzi moja kwa moja. Inapita kwenye swichi ya mtandao, lile sanduku lenye taa nyingi kwenye kabati la kompyuta, na swichi hiyo imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Umeme ukikatika, kitambua moshi kiko macho, paneli iko macho, na sanduku lililo katikati yao na mlinzi limelala. Moshi utaonekana, ujumbe utatumwa, na utaishia njiani. Na moto wa hitilafu ya umeme mara nyingi huanza kwa kukata umeme wa jengo!

Kuna mambo mawili ya kufanya, na yote yafanywe. Kila swichi iliyo kwenye njia ya ujumbe wa moto iwekewe betri yake, ihesabiwe kuwa sehemu ya kengele, na ikaguliwe pamoja nayo. La pili, zile rilei za kizamani zisiondolewe. Nimewasikia watu wanaosema, tukishaweka kadi ya nini tena waya za rilei? Waya hizo ni njia ya moto. Kadi ni njia ya maelezo. Mtandao ukilala, rilei bado inafunga, paneli bado inalia, king'ora bado kinasikika uani.

Pia njia yenyewe lazima ilindwe. Paneli inapaswa kuwa inaiuliza kila kadi, muda wote, kama bado ipo. Kadi ikinyamaza, paneli itangaze hitilafu upesi. Kanuni za Ulaya, EN 54, zinataka isizidi sekunde 100. Ukitaka kumpima fundi wako, chomoa waya wa kadi mbele yake uangalie saa yako. Ikipita dakika tano na kioo bado kinasema kila kitu ni kizima, hujauziwa mfumo wa kengele ya moto. Hili linahusu hata vitambua moshi vidogo vya nyumbani vinavyotumia Wi-Fi na kukutumia ujumbe kwenye simu. Kisanduku cha intaneti kikizimika, kitambua moshi kinabaki na sauti yake tu, na usikinunue kama sauti hiyo ni dhaifu.

Nani aambiwe? Paris iliamua kwamba zimamoto wasiitwe mpaka mtu apande. Ninaelewa sababu, hakuna anayependa kuita magari kwa ajili ya vumbi. Ngazi zile nne za kifaa zinatatua tatizo hilo zikitumiwa ipasavyo. Ya kwanza na ya pili ziende kwa mlinzi na fundi wa zamu, kwenye simu zao, kimya kimya, waende wakaangalie kukiwa bado na nafasi. Ya tatu iwe ni kengele kwa watu wote watoke, na kwa Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe 114 bila mtu kupanda ngazi kwanza kwenda kuthibitisha. Ngazi hiyo ya tatu iachie pia milango inayofungwa kwa kufuli za sumaku za umeme. Sumaku ikikatiwa umeme mlango unafunguka, na hilo linapangwa kwenye paneli hiyo hiyo, siku hiyo hiyo.

Nimetaja milango, na siwezi kuvuka hapo bila kutaja mabweni yetu yaliyoungua. Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 walikufa. Kadi ya mtandao haifungui dirisha lenye nondo. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unasema wazi milango ya mabweni ifungukie nje, madirisha yasiwe na nondo, na kengele za moto ziwepo. Hayo ndiyo yanatangulia, kabla ya kifaa chochote ninachokieleza hapa. Lakini mlango ukishakuwa huru, watoto mia wamelala, na mlezi analala nyumba ya pili yenye ukuta katikati, kuna dakika chache ambazo ni za kitambua moshi peke yake. Kisahani cha kawaida cha dari, kilichounganishwa na kengele iliyo chumbani kwa mlezi, kinatosha kwa kazi hiyo. Huhitaji leza ya Australia. Unahitaji waya, betri, na kioo kinachosema BWENI B. Shule inayoweza kununua basi inaweza kununua hicho, na wazazi tunayo haki ya kuuliza.

Mwisho ni majaribio, na hapa naomba wenye majengo wasikubali kuoneshwa kompyuta tu. Kitufe cha kujaribu kwenye programu kinajaribu programu. Moshi wa majaribio upelekwe kwenye tundu la mwisho kabisa la bomba, lile la mbali kuliko yote, na muda uhesabiwe. Kanuni ya Marekani, NFPA 72, inataka hewa ya tundu hilo ifike kwenye kifaa ndani ya sekunde 120. Mlinzi awe amekaa kwenye paneli wakati huo, bila kuambiwa bomba lipi limechaguliwa. Asome kioo, ainuke, aende. Akifika penye bomba lenye moshi, jina ni sahihi. Akisimama koridoni akiuliza, futa jina hilo mumuulize yeye angeliandikaje, muandike upya, mjaribu tena. Kisha kata umeme wa jengo zima na urudie jaribio lilelile.

Nakala ya mpango wote, yaani anwani, majina na viwango, ihifadhiwe mahali pawili, moja nje ya jengo. Na chumba kikibadilishwa matumizi, stoo ikawa darasa, jina libadilishwe wiki hiyo hiyo.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, nitarudi kwenye betri zenyewe: zinakaa miaka mingapi kwenye joto letu, na namna ya kuzipima bila kungoja umeme ukatike. Mlio na paneli karibu yenu usiku huu, hasa walinzi mlio zamu, nendeni mkakisome kioo chake. Mkikuta neno msilolielewa, liandikeni kwenye daftari la zamu na asubuhi mumpe msimamizi.

Usiku mwema.